Khavere Hakuwahi Kuchonga Twiga

Mbotela, Nairobi
12 Februari 1995

Mpendwa Senge Mideva, shangazi yangu,

Pokea salamu zangu zote, pamoja na heshima, ile iliyobaki baada ya Desemba. Triza anakusalimu. Mtoto ameota jino la pili na tayari amelitumia kumuuma nesi wa zahanati, kwa hiyo damu ya ukoo bado iko. Mimi niko pale pale kwenye ghala la mbao, karani wa magogo, na jioni napiga taipu kama unavyojua.

Senge, tangu mazishi ya Guku, nyanya yangu na mama yako, hujaniambia neno. Sikulaumu. Hata mimi nikikutana na uso wangu kwenye kioo asubuhi huwa siusalimu.

Naomba nikueleze ilivyokuwa. Hapa Mbotela mtu akifiwa huletwa kwangu nimwandikie wasifu wa marehemu, kwa sababu nina taipureta na nina uso wa huzuni. Kwa miaka sita nimewaandikia zaidi ya mia. Siri yangu ni karatasi moja ya mfano: marehemu alizaliwa mahali fulani, akasoma kadiri alivyojaliwa, alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu, hakuwahi kugombana na mtu, hakuwaacha wanawe hata siku moja. Nabadilisha jina na kijiji tu. Nimewafanya wapole watu ambao majirani walihama kwa ajili yao.

Wiki moja kabla ya Guku kutuaga nilikuwa nimemwandikia Mzee Muthama, mchongaji vinyago wa Gikomba. Habari ya Guku iliponifikia niliketi mbele ya taipureta, mikono ikagoma. Saa tatu nzima sikuandika hata herufi. Basi lilikuwa linaondoka. Nikachukua karatasi ya Muthama, nikafuta jina lake, nikaweka la Guku, Khavere, nikakimbia.

Kilichofuata ulikiona, ulikuwa mstari wa mbele. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasoma kwamba Guku alikuwa mpole. Watu wakaguna. Nikasoma kwamba hakuwahi kugombana na mtu. Yule askari mstaafu wa chifu akajishika kichwa, pale pale Guku alipompiga kwa mwiko mwaka wa sabini na mbili. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaendelea hadi chini: "Atakumbukwa daima na wachongaji wenzake wa Gikomba, hasa kwa ustadi wake wa kuchonga twiga."

Pasta Mulama alificha uso kwa Biblia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Wote walicheka. Wewe tu hukucheka. Uliinuka ukaenda nyuma ya nyumba.

Huku mtaani habari ilifika kabla yangu. Wafula wa nyumba inayofuata alikuwa ananingoja mlangoni: "Niaje Patro! Buda, ati shosho yako alikuwa fundi wa twiga? Na hukutushow, manze!" Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia. Nilimpenda Guku kuliko mtu yeyote, Senge, na sikuweza kumwandikia hata mstari mmoja uliokuwa wake. Nisamehe.

Mwanao,
Patrobas


Mbale, Maragoli
2 Aprili 1995

Mwana wa ndugu yangu,

Barua yako ilifika mwezi wa pili haujaisha. Niliiweka chini ya kopo la sukari ili nisiione, na kila nilipotaka chai niliiona. Sasa nimezoea chai isiyo na sukari. Huku ni wazima. Mvua imeanza, ng'ombe mwekundu amezaa, mguu wangu wa kushoto unauma na wa kulia unamhurumia mwenzake.

Kwanza jua hili: sikuondoka kwa sababu ya twiga. Twiga ndiye aliyekuwa mzuri katika karatasi yako yote. Niliondoka kwa jambo lingine na usiniulize.

Sasa sikiliza. Desemba tutasimika msalaba kwenye kaburi, na ukoo wote utarudi. Pasta Mulama amesema lazima wasifu usomwe upya, maana Khavere bado hajaagwa. Aliyeagwa ni mzee wa Kikamba. Atakayeandika ni wewe. Mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Andika maisha yake ya kweli, kila kitu, watu wa hapa wanamjua na watakukamata ukidanganya. Isipokuwa mwaka wa hamsini na saba hadi sitini na moja. Hapo utaandika "alikwenda kutafuta maisha", utaweka nukta, utaendelea mbele.

Mimi pia nina swali. Agosti mwaka jana Khavere alipanda basi kuja kwako akiimba. Baada ya wiki tatu alirudi haimbi. Akasukuma begi lake chini ya kitanda bila kulifungua, na mpaka anakufa lilikuwa hapo. Mlimfanya nini huko?

Senge yako,
Mideva


Mbotela
7 Mei 1995

Mpendwa Senge,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili nikiwa nimesimama. Asante kwa kunikaripia, nilikuwa nimeanza kudhani hunipendi tena. Hapa mvua imeziba mitaro, Triza amevuka uani kwa matofali wiki nzima huku akitaja jina langu, kana kwamba mimi ndiye baraza la jiji. Mtoto ni mzima.

Kuhusu Agosti, nitakueleza siku nyingine. Utepe wa taipureta unafifia.

Kazi nimeianza, na nimegundua kwamba sijui kuandika. Nikiweka tu neno "marehemu", vidole vyenyewe vinakimbilia "alikuwa mpole". Nimeandika "mpole" mara kumi na moja na kulifuta mara kumi na moja. Triza akaniambia, "Wewe Patro, si uandike tu vile ulimwona?" Basi nimejaribu.

Nimeandika baiskeli. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, akaazima baiskeli ya Pasta Mulama bila kusema kwamba hajui kuiendesha, akashuka nayo mteremko wa mtoni, akapotelea kwenye mahindi ya watu, kisha akatokea upande wa pili akiisukuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika hindi.

Nimeandika meli. Mwaka wa sabini na nne alikwenda Kisumu kuuza ndizi, akaona meli inayokwenda Mwanza, akapanda na ndizi zake. Baada ya mwezi ikaja kadi: "Niko Mwanza. Samaki ni wakubwa. Msiningoje kula."

Nimeandika hapa Mbotela, alivyokuwa akitoka asubuhi na kuwaambia vijana wa Wafula, "Mambo, mabeste!" nao wakisimama wima kama wanafunzi. "Poa, shosho!" Mpaka leo wananiuliza habari zake, na mimi najifanya sijasikia.

Lakini Senge, siwezi kuacha shimo la miaka minne katikati. Msikilizaji atatumbukia humo na hatasikia mengine yote. Najua alifiwa na Babu mwaka wa hamsini na sita, na kwamba ndugu wa Babu alitaka kumrithi, naye akakataa. Baba yangu akapelekwa kwa mjomba Kakamega. Wewe ukabaki kwa nyanya yako. Je, yeye? Alikuwa akitaja mlima fulani jangwani na mtu aitwaye Burale mwenye lori. Kuuliza si ujinga. Nieleze.

Mwanao,
Patrobas


Mbale, Maragoli
20 Juni 1995

Patrobas,

Ni wazima. Ndama naye ni mzima, anapiga teke kila anayemkaribia, tumemwita Wasifu kwa heshima yako.

Mahindi yalikuwa mawili, si moja, na ni mimi niliyekwenda kumwomba msamaha mwenye shamba. Khavere alikuwa amekaa uani anayachoma. Andika hivyo. Ya Mwanza ni sahihi, ila umesahau kwamba aliporudi alikuwa anajua kutukana kwa Kisukuma.

Kuhusu shimo lako, nilikwambia cha kuandika. Ni maneno matatu tu, hata taipureta yenye utepe mbovu itayaweza. Hukujibu swali langu na mimi sijibu lako. Tumelingana.

Usinitazame mimi kwa mambo ya safari. Nina miaka arobaini na mitatu, na mbali zaidi nilikofika ni Kisumu, nilitapika kwenda na nikatapika kurudi. Nilipoolewa niliolewa ng'ambo ya mto, nikaona ni mbali, nikarudi nyumbani. Kuku wangu wametembea kunishinda. Watu husema Khavere alichukua miguu yote ya ukoo, sisi wengine tukaachiwa makalio. Wacheke. Mtu wa kukaa nyumbani angalau hujulikana alipo.

Senge yako


Mbotela
3 Septemba 1995

Mpendwa Senge,

Natumaini uko salama, na Wasifu pia. Triza amepata kibanda Muthurwa, anauza sukuma wiki na nyanya, na amenikataza kumsaidia kwa sababu nawahurumia wateja. Usidhani nilinyamaza. Julai nilimpa Wafula barua akuletee, akarudi nayo kwenye mfuko wa koti lile lile, imefuliwa na kupigwa pasi. Niliichana. Ilikuwa ya uongo hata hivyo, kwa hiyo sabuni ilifanya kazi yake.

Senge, nimempata Burale.

Nilitembea kutoka hapa, nikavuka Jogoo Road, nikapitia Pumwani hadi Eastleigh. Guku aliwahi kuniambia niulize nyuma ya msikiti, kwenye uwanja wa malori. Nikaonyeshwa mzee amekaa kwenye kreti, miguu mirefu, ndevu nyekundu za hina, anawakemea vijana wake wanaofunga turubai. Nilipotaja jina la Guku aliwaacha vijana akanigeukia.

"Wewe mtoto ya Khavere?"

"Mjukuu, mzee. Naitwa Patrobas."

Akacheka mpaka akakohoa. "Patrobas! Mimi najua Patrobas. Miaka nne alikuwa gari yangu."

Shika kiti, Senge. Guku alikuwa taniboi wake. Alipakia mizigo, alifunga turubai, na lori likishindwa na mlima alikuwa akiruka chini na kigogo na kukisukuma nyuma ya tairi lisirudi. Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale. Siku zile mtu wa kwetu hakuruhusiwa kwenda kule bila kibali, basi alivaa suruali na kofia, akabeba kipande cha utambulisho cha marehemu mumewe, na kwenye kizuizi cha Isiolo akiitwa "Patrobas!" alikuwa anaitika kwa sauti nzito. Mimi nimerithi jina la Babu. Jina langu lilifika Moyale kabla sijazaliwa, na mimi mwenyewe sijafika Thika.

Nilimuuliza kwa adabu yale yanayosemwa kwetu. Hakukasirika. "Watu yenu nasema alikuwa bibi yangu. Hapana, walahi. Bibi mtu napata. Taniboi kama ile hapati."

Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa. Kwamba Desemba ya hamsini na tisa Guku alimwomba ruhusa aende nyumbani kumchukua msichana wake, amwonyeshe mlima wa Marsabit wenye ziwa juu. Burale akangoja Nairobi siku tano na mzigo wa watu ndani ya gari. Guku akarudi peke yake, na hakufungua mdomo hadi Archers Post. Senge, msichana wake ni wewe. Hajakuwa na mwingine. Nini kilitokea?

Najua sina haki ya kuuliza kabla sijajibu. Mficha uchi hazai. Haya, hii hapa Agosti yangu.

Guku alikuja na begi moja akasema, "Patrobasi, nataka kuuona mlima wangu mara moja tena. Wewe utanipeleka. Nenda kwa Burale uulize lori linaondoka lini." Nikasema ndiyo, Guku. Niliogopa barabara, niliogopa majambazi wa huko, na zaidi ya yote niliona haya: karani mzima, kukaa juu ya magunia na nyanya yangu, watu wakitazama. Basi kila Alhamisi nilikuwa natoka, naketi Muthurwa nakunywa chai hadi jioni, narudi na kumwambia malori yamejaa. Alhamisi tatu. Mara ya tatu alinitazama akasema, "Basi, mjukuu wangu." Akafunga begi. Hakunikemea hata kidogo, na angenipiga kwa mwiko ningepona.

Sasa mzee Burale ananiambia kwamba Guku alikuwa amemwandikia kwamba anakuja na mjukuu wake. "Nafasi ilikuwa. Mimi naweka godoro pale mbele, asiumie mgongo. Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilirudi Mbotela kwa miguu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko changu ulikisikia Desemba, na sasa unajua nilikistahili.

Patrobas


Mbale, Maragoli
15 Oktoba 1995

Mwanangu Patrobas,

Nakusalimu. Triza nampongeza kwa kibanda, na zaidi kwa kukukataza kukikaribia. Huku tunavuna maharagwe.

Barua yako niliisoma shambani nikakaa chini, na watu walidhani ni mguu.

Nitakwambia mara moja na sitarudia. Ile Desemba nilikuwa na miaka saba. Alikuja mtu amevaa suruali, vumbi jekundu kutoka viatuni hadi magotini, na watoto wote wa kijiji nyuma yake wakipiga kelele. Alikuwa amenishonea suruali ndogo ya khaki. Akaniambia, "Mideva, twende ukaone mlima wenye ziwa juu. Tutalala kwenye lori, utahesabu ngamia." Wale watoto wakacheka. Miaka miwili walikuwa wananiimba kwamba mama yangu amekuwa mwanamume. Basi nikamshika nyanya miguu nikasema, "Mama yangu ni huyu. Wewe ni Khavere. Sikujui."

Alikaa uani siku mbili. Hakunilazimisha. Alikaa tu, akiangalia ninavyocheza, na mimi nikicheza kwa nguvu ili aone kwamba simhitaji. Siku ya tatu alikuwa ameondoka, na suruali ilikuwa kwenye msumari karibu na mlango. Niliivaa siku moja watu walipokwenda kanisani. Ilinitosha kabisa.

Mwaka wa sitini na moja alirudi akatulia, akanilea, akanisomesha, akaniuguza. Nikaendelea kumwita Khavere, na hakuwahi kunikosoa. Hasira ni kama ng'ombe, ukishaizoea unaikamua kila asubuhi hata kama huna haja ya maziwa. Na maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba aliniacha. Nimekwambia wewe, nimemwambia mchungaji, nilimwambia hata yule mume wa ng'ambo ya mto. Ndiyo maana niliondoka kaburini. Uliposoma "hakuwaacha wanawe hata siku moja", nilijua si lako, nilijua unanakili tu. Lakini lilikuwa kweli, Patrobas, katika karatasi yote ya uongo hilo lilikuwa kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyelijua. Mimi ndiye niliyemwacha.

Usiyaandike haya. Andika maneno matatu niliyokupa.

Kuhusu Agosti, nilikuwa nimejiandaa kukulaani, nilikuwa hata nimechagua siku. Sasa naona ningekuwa nyani asiyeona kundule. Kumbe hatukufanana pua tu.

Senge yako


Mbotela
26 Novemba 1995

Mpendwa Senge,

Salamu za hapa ni nzuri. Mtoto anatembea, anatoka mlangoni, anafika kwa Wafula, anarudishwa. Triza anasema ni Guku mtupu.

Wasifu huu hapa, kurasa tano. Neno "mpole" halimo, nimetafuta hadi nyuma ya karatasi. Ule mfano wangu wa zamani nimeuchoma, na wateja wawili wamekwisha kunikimbia, maana sasa nawauliza marehemu alikuwa mtu gani na wao hawakuja kwa maswali.

Ukurasa wa tatu nimeuacha mtupu. Ukifika hapo, sema maneno yako matatu na ufungue wa nne. Ule wa nne ni Alhamisi zangu. Nimeziandika zote, na chai ya Muthurwa ndani yake. Zisome kwa sauti.

Nasema uzisome wewe, kwa sababu sitakuja. Meneja amekataa kunipa ruhusa. Ukweli ni kwamba nilimwomba mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, naye akiwa kwenye simu. Siwezi kusimama tena mbele ya watu wale, Senge. Nisamehe, najua hii ni Alhamisi ya nne.

Lakini uliponiandikia Oktoba, nililia kwa ajili ya yule mtoto mwenye suruali. Nilitaka ujue.

Mwanao,
Patrobas


Mbale, Maragoli
28 Desemba 1995

Mpendwa Patrobas,

Watu ni wazima, ng'ombe ni wazima. Salamu zimetosha.

Hukuja. Nilitazama kila basi lililosimama njia panda. Msalaba umesimama, umeinama kidogo upande wa barabara, na fundi anataka kuunyoosha, nimemwambia auache.

Nilisoma mimi. Sauti yangu unaijua, ni ya kuita kuku, kwa hiyo hata walioketi kule kwenye migomba walisikia. Kwenye mahindi mawili wakacheka. Kwenye Mwanza wakapiga makofi. Nikafika ukurasa wa tatu, nikautazama ule weupe, na yale maneno matatu yalikuwa tayari ulimini. Badala yake nikasema:

"Nyote mnajua kwamba mama yangu aliniacha. Mnajua kwa sababu niliwaambia mimi. Si kweli. Alikuja kunichukua Desemba ya hamsini na tisa, na mimi nikamwambia simjui."

Kisha nikasoma ukurasa wako wa nne bila kuruka hata kikombe kimoja cha chai. Nikakunja karatasi nikangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mtoto wa mtu akitafuna muwa.

Halafu Mirriam, yule jirani yetu wa chini, akainuka. Akasema, "Mimi alinialika Mwanza. Nilifunga nguo, nikafika naye stendi, nikamwambia nimeacha maharagwe jikoni. Hakukuwa na maharagwe." Akakaa. Pasta Mulama akasema kwamba siku ya baiskeli, Khavere alimwomba kwanza apande nyuma, washuke pamoja, naye akasema haimfai mchungaji. Yule askari wa chifu akasimama na fimbo yake. "Mimi nilimkubalia tukauone Mlima Elgon. Sikutokea. Ndiyo maana ya ule mwiko." Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa wazee, hadi chakula kikapoa. Kijiji kizima kilikuwa na miadi na mama yangu, na kijiji kizima hakikwenda.

Miaka yote hii tumesema alipenda kwenda peke yake, kwamba alizaliwa hivyo. Hakupenda, Patrobas. Alikuwa ameuliza kila mtu.

Nililia pale mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya kuita kuku, na sikuona haya.

Sasa nisikilize. Nimemwandikia Mzee Burale na nimepata jibu lake, limeandikwa na mwanawe. Alhamisi tarehe 25 Januari lori linaondoka kwenda Marsabit. Mimi nitafika Nairobi Jumanne tarehe 23. Nitatapika kuanzia Kapsabet hadi mtakaponipokea, nimekwisha kuweka mifuko tayari. Mguu mmoja ni mbovu, na sijui kitu chochote cha malori wala milima. Sitaki kwenda peke yangu.

Nakualika. Nijibu.

Senge yako,
Mideva


Mbotela
5 Januari 1996

Senge,

Ndiyo.

Salamu za nyumbani nitakupa tukiwa njiani.

Patrobas